Turnitin Mbele ya Tasnifu ya Kiswahili: Tathmini ya Msomaji wa Ripoti Zake

Siku moja ya mwezi wa sita, ripoti mbili za Turnitin, huduma ya kulinganisha maandishi na vyanzo vingine, ziliwekwa mezani kwangu kabla ya adhuhuri. Ya kwanza ilihusu tasnifu ya uzamivu juu ya msamiati wa ubaharia, na pembeni mwake palikuwa na asilimia 38 ya mfanano. Ya pili ilihusu tasnifu ya uzamili katika isimu, nayo ilikuwa na asilimia 9. Mwenye asilimia 38 aliingia macho yakiwa mekundu, akasema, "Shikamoo Mwalimu, nimekwisha." Mwenye asilimia 9 alikuja kuomba sahihi tu. Tulipozisoma ripoti hizo ukurasa kwa ukurasa, ilibainika kwamba wa kwanza alikuwa na aya moja ya kurekebisha na sentensi moja ya kuongeza, ilhali wa pili alikuwa na sura nzima ambayo haikuwa yake.

Tathmini hii ya Turnitin ninaiandika kwa ajili ya wanafunzi na wasimamizi wanaofanya kazi zao kwa Kiswahili, ambao kila muhula huulizana "asilimia zimetoka ngapi?" kana kwamba jibu la swali hilo ndilo jibu la swali la wizi wa kitaaluma. Nimeitumia huduma hii kwa miaka kadhaa, kwanza nikiwa mwanafunzi na baadaye nikiwa msimamizi. Ninaithamini, na nisingependa chuo chochote kiiache. Hata hivyo imepewa katika vyuo vyetu kazi ambayo haikuundwa kuifanya, na wanaoumia kwa kosa hilo ni waandishi waaminifu.

Turnitin ilianzishwa mwaka 1998 huko California, Marekani, na watu waliotoka katika Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, na mwaka 2019 ilinunuliwa na kampuni ya Advance kwa takriban dola bilioni 1.75. Haiuzwi kwa mwanafunzi mmoja mmoja. Chuo ndicho kinacholipia leseni na kuwafungulia walimu na wanafunzi akaunti. Faili linapopakiwa, maneno yake hulinganishwa na maghala matatu makubwa: kurasa za intaneti zilizopo na zilizowahi kuwapo, majarida na vitabu ambavyo wachapishaji wamevitoa kwa kazi hiyo, na kazi za wanafunzi zilizokwisha kupakiwa kutoka duniani kote. Mfuatano wa maneno unaofanana na ulio katika maghala hayo hupakwa rangi na kupewa namba ya chanzo chake, kisha asilimia ya jumla hutolewa. Kazi isiyo na mfanano wowote hupewa alama ya buluu. Mfanano usiozidi asilimia 24 hupewa kijani, kuanzia 25 hadi 49 njano, 50 hadi 74 rangi ya chungwa, na kuanzia 75 nyekundu.

Jina rasmi la karatasi hiyo ni ripoti ya mfanano, na waliounda huduma hii wanasema waziwazi kwamba haibaini wizi wala haina kikomo ambacho chini yake mtu ni mwaminifu na juu yake ni mwizi. Vikomo tunavyovijua vimewekwa na vyuo vyenyewe, kila chuo kwa kadiri kilivyoona inafaa. Wizi wa kitaaluma ni kuyachukua maneno ya mtu, wazo lake, au hata mpangilio wa hoja zake, na kuyawasilisha kwa namna inayomfanya msomaji aamini kwamba ni yako. Katika mambo hayo matatu, Turnitin hulipima la kwanza peke yake, tena kwa sehemu tu, kwa kuwa haiwezi kujua kama maneno yaliyofanana yamekiri yalikotoka.

Nirudi kwenye ile asilimia 38, kwa sababu ndani yake mna somo lote la kusoma ripoti. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimepakwa rangi karibu zote: ukurasa wa Ithibati, ukurasa wa Ikirari na Hakimiliki, na ile sentensi isemayo kwamba tasnifu imewasilishwa kwa ajili ya kutimiza sharti la kutunukiwa shahada. Maneno hayo hayana mwandishi anayeweza kuibiwa, kwa kuwa chuo chenyewe ndicho kinachomwagiza kila mwanafunzi ayaandike hivyo hivyo. Kurasa hizo pamoja na viambatisho zilichukua asilimia 7. Orodha ya marejeleo na nukuu zake zilichukua asilimia 9 nyingine, kwa sababu aliyepakia faili hakuwasha machujio, yaani mipangilio inayoondoa nukuu na marejeleo katika hesabu. Asilimia 4 zilitokana na sentensi za historia katika sura ya kwanza: kwamba Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji, kwamba Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, kwamba Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilichapishwa mwaka 1981. Mambo hayo ni maarifa ya wote katika taaluma yetu, na hakuna namna nyingi za kuyasema. Kusema kwamba kamati iliundwa mwaka 1930 hakuhitaji kumtaja mtu, lakini kusema kwamba usanifishaji ule ulizifisha lahaja nyingine ni hoja, na hoja ina mwenyewe. Hapo ni lazima atajwe.

Sehemu kubwa zaidi, asilimia 14, ilitoka katika chanzo kimoja, na hicho ndicho kilichomliza. Msimamizi mwenye haraka angekiona na kufunga ripoti. Tulipokibofya, tulikuta ni makala aliyoichapisha yeye mwenyewe mwaka uliotangulia, kutokana na sura yake ya nne. Vyuo vingi sasa vinamtaka mwanafunzi wa uzamivu achapishe kabla ya kuhitimu, kwa hiyo anayetii sharti hilo ndiye anayepandishiwa asilimia. Hata hivyo suala hili halikuwa la kupuuzwa moja kwa moja. Mwandishi anayeyarudia maandishi yake yaliyokwisha kuchapishwa bila kumwambia msomaji anamfanya aamini kwamba anasoma jambo jipya. Dawa ilikuwa sentensi moja katika Ikirari, kwamba sehemu ya sura ya nne ilichapishwa kama makala, ikifuatwa na jina la jarida na mwaka.

Zikabaki asilimia 4 katika ukurasa wa 41, na hapo ndipo palipokuwa na kosa la kweli. Aya nzima ilikuwa ya msomi mwingine, neno kwa neno, na mwishoni mwake palikuwa na mabano yenye jina na mwaka, bila alama za kunukuu. Mwanafunzi alidhani mabano yanatosha. Hayatoshi, kwa maana mabano peke yake yanamwambia msomaji kwamba wazo limetoka kwa fulani na maneno ni yangu, jambo ambalo halikuwa kweli. Aya hiyo nitaieleza kwa kirefu baadaye.

Ripoti ya asilimia 9 ilikuwa ya kijani, na kijani kina namna yake ya kumbembeleza msomaji. Machujio yalikuwa yamewashwa, hapakuwa na chanzo kilichozidi asilimia 1, na sura zote zilikuwa nyeupe. Nilianza kusoma sura ya pili kwa mazoea tu, nikakutana na "nadharia ya kitendo cha hotuba". Nilisimama. Mtu aliyesoma isimu kwa Kiswahili husema matendo-uneni, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa darasani na ndivyo vitabu vyake vinavyosema. Hotuba ni ile inayotolewa jukwaani au msikitini, ingawa neno la Kiingereza "speech" hubeba maana zote mbili. Ukurasa uliofuata ulikuwa na "hotuba isiyo ya moja kwa moja", yaani kauli taarifa. Niliirudisha sentensi moja katika Kiingereza, nikaitafuta mtandaoni, na ndani ya dakika chache nikaipata makala yenyewe. Sura nzima ilikuwa imetafsiriwa na programu ya tafsiri, aya kwa aya, pamoja na mifano yake na mpangilio wake wa hoja, huku mwandishi wa makala akiwa hakutajwa hata mara moja.

Mwanafunzi huyo hakuwa mtu mwovu. Aliniambia kwa dhati kwamba aliamini tafsiri ni kazi yake, kwa kuwa maneno ya Kiswahili hayakuwapo mahali popote kabla yeye hajayaweka pale, na kwamba aliyempitishia tasnifu Turnitin alimpongeza kwa asilimia yake. Hapa ninawalaumu wasimamizi, nami nikiwemo, kuliko ninavyomlaumu yeye. Mtu anayetafsiri wazo anaweza kuwa amefanya kazi kubwa na ya maana, lakini ni kazi ya mfasiri, na mfasiri humtaja anayemfasiri. Kwa kuwa sehemu kubwa ya nadharia tunazozitumia ziliandikwa kwa lugha nyingine, mlango huu uko wazi katika karibu kila tasnifu ya Kiswahili, na kulinganisha maneno na maneno ya lugha ile ile hakuwezi kuufunga.

Lugha yetu ina jambo jingine linaloipunguzia huduma hii uwezo, nalo ni sarufi. Niichukue ile aya ya ukurasa wa 41. Sentensi ninayoiweka hapa nimeitunga mwenyewe ili nisimwanike mtu, lakini umbo lake ni lile lile: "Lahaja za Kiswahili za visiwani zimehifadhi msamiati wa ubaharia ambao wasemaji wa bara hawaujui tena, kwa sababu kazi inayoutumia imebaki mikononi mwa wavuvi." Nilipomrudishia mwanafunzi aya ile, aliondoka na kurejea siku ya pili akiwa amefanya kile ambacho matangazo ya mitaani huita kushusha asilimia: "Vilahaja vya Kiswahili vya visiwani vimetunza maneno ya ubaharia ambayo wazungumzaji wa bara hawayafahamu tena, kwa kuwa shughuli zinazoyatumia zimesalia mikononi mwa wavuvi."

Tazama kilichotokea. Alibadilisha nomino chache tu, lakini kwa Kiswahili nomino ikibadilika ngeli, hubadilisha kila kinachoifuata: zimehifadhi imekuwa vimetunza, ambao imekuwa ambayo, hawaujui imekuwa hawayafahamu, inayoutumia imekuwa zinazoyatumia. Upatanisho wa kisarufi umemfanyia kazi ya kujificha bila yeye kukusudia. Katika sentensi nzima haijabaki mifuatano mirefu ya maneno yaliyofanana, kwa hiyo mtambo hauna mengi ya kupaka rangi, ilhali msomaji yeyote wa Kiswahili anaona mara moja kwamba ni sentensi ile ile iliyovalishwa nguo nyingine. Isitoshe, maana imeharibika, kwa sababu vilahaja si sawa na lahaja, na anayeandika juu ya lugha hapaswi kuyachanganya. Asilimia ilishuka, na kosa likabaki pale pale, sasa likiwa limefunikwa.

Nilimwomba afunge kitabu, aondoke mezani, aniambie kwa mdomo msomi yule anasema nini. Alifikiri kidogo, akasema, "Anasema neno haliwezi kufa kama kazi yake bado ipo." Nikamwuliza kama wavuvi aliowahoji Nungwi wanakubaliana na hilo. Akasema, "Kwa kiasi." Nikamwambia akayaandike hayo. Aya iliyorudi ilikuwa hivi: "Msomi huyu anaufungamanisha uhai wa neno na uhai wa kazi, kwa maana kwamba jina la sehemu ya chombo halipotei mradi chombo bado kinatumika. Watoataarifa wa Nungwi wanaiunga mkono hoja hiyo kwa kiasi. Wote walitaja foromali na mrengu bila kusita, lakini vijana wawili waliozoea boti za mashine waliyajua majina hayo kutoka kwa wazee wao tu, bila kuwahi kuvishika vitu vyenyewe." Baada ya sentensi ya kwanza aliweka jina, mwaka na ukurasa. Katika miaka yangu ya kusimamia, sijaona njia nyingine ya kuandika upya wazo la mtu iliyo bora kuliko hiyo ya kufunga kitabu na kusema.

Upungufu wa tatu unahusu maktaba zetu. Sehemu kubwa ya maandishi ya kitaaluma ya Kiswahili ilichapishwa kwenye karatasi. Kuna matoleo ya zamani ya majarida ya Kiswahili na Mulika, kuna miswada ya makongamano iliyorudufiwa na kugawiwa washiriki, na kuna tasnifu za miaka ya sabini na themanini zilizopigwa taipu na kufungwa jalada gumu. Turnitin haiwezi kulinganisha na kitu ambacho hakijaingia katika maghala yake. Mtu anayenakili kutoka katika tasnifu iliyo rafuni tangu enzi ya mashine za taipu anaweza kupata asilimia 2, na atakayemkamata ni mzee aliyeisoma tasnifu hiyo na kuikumbuka. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba watahini waliosoma sana hawawezi kubadilishwa na programu. Huko Ujerumani, mwaka 2011, Waziri wa Ulinzi Karl-Theodor zu Guttenberg alivuliwa shahada yake ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Bayreuth na kujiuzulu uwaziri. Kazi kubwa ya kuianika tasnifu yake ilifanywa na wasomaji wa kujitolea walioigawana kurasa na kuzilinganisha na vyanzo moja baada ya nyingine, kwa macho yao.

Sasa niseme juu ya steshenari, kwa sababu wanafunzi wengi hukutana na Turnitin huko kabla ya kukutana nayo chuoni. Karibu kila chuo kimezungukwa na maduka ya kuchapa, kutoa kopi na kufunga tasnifu, na mengi yamebandika mlangoni tangazo la "tunapitisha Turnitin". Nilipokuwa mwanafunzi nilipeleka sura tatu zangu kwenye duka mojawapo nikiwa na flashi mfukoni, nikalipa shilingi 10,000, nikapewa kipande cha karatasi chenye asilimia peke yake, bila ripoti. Miezi miwili baadaye chuo kilipoipakia tasnifu yangu, asilimia ilitoka 96. Chanzo kilikuwa "kazi ya mwanafunzi" kutoka katika taasisi ya nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Mwenye duka alikuwa akitumia akaunti ya kozi fulani ya mbali, na kila alichokipakia kilihifadhiwa katika ghala la kazi za wanafunzi. Nilikuwa nimefanana na nafsi yangu. Ilinichukua wiki tatu za barua, rasimu za zamani zenye tarehe, na uvumilivu wa msimamizi wangu kuthibitisha kwamba maneno yale ni yangu.

Ghala hilo si kosa kwa lenyewe, kwa kuwa ndilo linalowezesha kumbaini anayenakili insha ya mwenzake wa mwaka jana. Mwaka 2009 mahakama ya rufani ya Marekani ilikubali kwamba kuhifadhi kazi za wanafunzi kwa madhumuni ya kuzilinganisha hakuvunji hakimiliki yao. Tatizo ni kwamba anayepakia ndiye anayechagua, katika mipangilio, kama faili lihifadhiwe au lisihifadhiwe, na mwanafunzi aliyesimama mbele ya kaunta ya steshenari hajui kama chaguo hilo lipo. Rasimu isihifadhiwe, nakala ya mwisho iliyopitishwa ndiyo ihifadhiwe. Kama hujui nani anaimiliki akaunti na mipangilio yake ikoje, usimpe mtu faili lako hata kama anakupa huduma hiyo bure.

Tangu Aprili 2023 Turnitin imeongeza kipimo kingine, kinachokisia ni kiasi gani cha maandishi kimetungwa na akili mnemba. Kipimo hiki ninakipa alama ndogo sana. Ripoti ya mfanano inakuonyesha chanzo, unakibofya na kujionea mwenyewe. Kipimo cha akili mnemba hakina chanzo cha kukuonyesha, kinatoa makisio tu, na anayetuhumiwa hana cha kulinganisha wala cha kukanusha. Kiliundwa kwanza kwa maandishi ya Kiingereza. Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilikizima kwa sababu hiyo ya kutojulikana kinavyofikia uamuzi wake. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vipimo saba vya aina hii, ambavyo Turnitin haikuwamo, wakakuta kwamba insha za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza zilihesabiwa kimakosa, zaidi ya nusu yake, kuwa za mashine. Mwanafunzi wa Tabora au Kisumu anayeandika Kiingereza sahili na cha uangalifu yuko katika kundi hilo hilo. Sitamwita mwanafunzi mbele ya kamati kwa kipimo hiki pekee, na ninawasihi wenzangu wasifanye hivyo.

Kwa matumizi ya kila siku, huduma yenyewe ni nyepesi. Ripoti ya kwanza kwa kawaida hutoka baada ya dakika chache, na kama mwalimu ameruhusu kupakia upya, baada ya mara tatu utasubiri saa 24 kwa kila ripoti inayofuata, jambo ambalo ninaliona ni zuri kwa sababu linamzuia mtu asicheze mchezo wa kubadilisha neno na kupima tena. Chujio la nukuu huzitambua alama maradufu na si zile za mkato mmoja, kwa hiyo anayenukuu kwa mkato mmoja ataona nukuu zake halali zimebaki na rangi. Chujio la marejeleo hutegemea kukitambua kichwa cha orodha, hivyo baada ya kuliwasha hakikisha kwa macho kama ukurasa wako wa Marejeleo umeondolewa kweli. Jambo ambalo ningependa vyuo vilibadilishe ni kumficha mwanafunzi ripoti. Mwalimu anaweza kuiruhusu ionekane au kuizuia, na katika idara nyingi mwanafunzi huletewa namba tupu. Mtu anayeambiwa 38 bila kuonyeshwa ni wapi hana la kufanya isipokuwa kulia au kwenda kushushiwa asilimia.

Yote haya hutokea mwishoni mwa safari, ilhali wizi mwingi ninaoukuta ulianza siku ya kwanza maktabani, pale mtu alipoandika maneno ya kitabu katika daftari bila alama, na baada ya miezi sita akayasoma akiamini ni tini zake mwenyewe. Kila mwanafunzi wangu mpya ninamwagiza agawe ukurasa wa daftari kwa mstari wa wima. Upande wa kushoto ni maneno ya mwandishi, ndani ya alama za kunukuu, na namba ya ukurasa imeandikwa kabla ya neno la kwanza, upande wa kulia ni yeye, kwa maneno yake, hata kama ni kuuliza tu "ana maana gani hapa?". Kwa anayefanya kazi kwenye kompyuta, programu ya Zotero, iliyotolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason, ni ya bure, huhifadhi vyanzo pamoja na tini zake, na huandaa orodha ya marejeleo kwa mtindo unaoutaka. Ninaishauri kabla ya Turnitin, kwa kuwa inafanya kazi wakati ambapo kosa bado halijatendeka.

Mwanafunzi wa isimu aliandika upya sura ya pili kwa miezi minne. Alimtaja mwandishi wa makala ile katika kila hoja aliyoichukua, akaiacha mifano ya Kiingereza na kuweka mazungumzo aliyoyarekodi katika kituo cha daladala. Ripoti yake ya mwisho ilikuwa na asilimia 13, yaani juu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu sasa palikuwa na majina na istilahi ambazo wengine pia huzitumia. Niliitia sahihi siku hiyo hiyo.

Tasnifu ya ubaharia ilipita na asilimia 25 baada ya machujio kuwashwa, nami nikaambatanisha ukurasa mmoja wa maelezo ya asilimia hizo. Katika utetezi, mtahini wa nje alifungua ukurasa wa 41 na kumwuliza, ikiwa boti za mashine zitaenea pwani yote, je, mrengu litabaki kuwa neno au litabaki kuwa kumbukumbu? Mtahiniwa aliweka kalamu chini, akaanza kumweleza juu ya wale vijana wawili wa Nungwi, mmoja baada ya mwingine, bila kutazama karatasi.